Tume ya Rais, Kamati Teule au uchunguzi wa papa hapa: tudai ipi?

Kwenye bango kitita tulichora safu tatu. Juu ya ya kwanza katibu wetu akaandika "Uchunguzi wa papa hapa", ya pili "Kamati Teule ya Bunge", ya tatu "Tume ya Rais". Akafunika kalamu yake, akatugeukia: "Haya jamani, tunadai ipi?" Kikao kilichopaswa kwisha saa sita kikafika saa tisa alasiri, na chai ikapoa vikombeni.

Sisi ni wasaidizi wa kisheria wa hapa Moshi, wengi wetu akina mama. Tunaandaa waraka wa kumpelekea mbunge kuhusu watoto wanaoharibiwa kwenye mabweni, kwenye vituo vya kulelea watoto na kwenye nyumba za ibada, na hasa kuhusu wakubwa waliojua wakanyamaza. Kwa mhalifu mwenyewe hatuhitaji tume. Polisi wapo, Dawati la Jinsia na Watoto lipo, fomu ya PF3 ipo, namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto ni ya bure. Kama una mtoto aliyefanyiwa jambo jana, acha kusoma hapa, nenda leo. Tume tunaitaka kwa swali jingine: nani alijua, alijua lini, aliandika wapi, na kwa nini karatasi haikusogea.

Nitaeleza kwa nini swali hilo linanikaa kooni. Miaka michache iliyopita mama mmoja alinijia na barua ya mistari minne kutoka shule ya bweni aliyosoma binti yake. Shule siitaji. Mstari wa tatu ulisema "suala hilo limeshughulikiwa kiutawala". Maana yake ni kwamba mlezi wa bweni alikuwa amehamishiwa shule nyingine, huko nako akapewa bweni. Jalada tulilifungua polisi, na kesi ina njia yake, siizungumzii. Ila nilikwenda na yule mama shuleni. Mkuu wa shule alitupokea vizuri, akaagiza soda, akaleta kitabu cha kumbukumbu za shule, kile kikubwa chenye jalada gumu. Kurasa zake zilikuwa zimepigwa namba kwa mkono. Nikafunua: 41, 42, kisha 47. Karatasi mbili zilikuwa zimekatwa kwa wembe karibu kabisa na uzi wa kushonea. Nikapitisha kidole, ukingo ulikuwa umenyooka kama aliyekata alitumia rula.

Nikauliza. "Labda ni wanafunzi, dada yangu," akasema, akaniongezea soda.

Sikuwa na mamlaka ya kumwuliza swali la pili. Tangu siku ile, mtu akiniambia kuna uchunguzi wa aina hii na ule, namwuliza kuhusu kurasa za 43 hadi 46. Katika safu zile tatu za bango kitita, ni ipi ingeweza kumwuliza mkuu yule swali la pili, na akalazimika kulijibu?

Waingereza walivyovutana

Mabishano haya hatukuyaanza sisi. Mwaka 2025 Uingereza waliyabishania karibu mwaka mzima. Katika miji kama Rotherham, Rochdale na Telford ilibainika kwamba makundi ya wanaume yaliwarubuni wasichana wadogo na kuwatumia kingono kwa miaka mingi, huku polisi na maofisa ustawi wakiwa na taarifa. Halmashauri ya Oldham ikaiomba serikali kuu iingie kuchunguza. Jess Phillips, waziri mwenye dhamana ya ulinzi dhidi ya ukatili, akajibu kwamba mji ujichunguze wenyewe kama Telford walivyofanya. Jibu hilo lilipojulikana Januari, Elon Musk akalivalia njuga mtandaoni, na chama cha Conservative kikadai uchunguzi wa taifa zima wenye nguvu ya sheria. Tarehe 8 Januari wabunge wakapiga kura: 364 walikataa, 111 walikubali. Chama tawala kikajitetea kwamba dai lile lilichomekwa kwenye muswada wa ustawi wa watoto kwa namna ambayo lingeuua muswada wenyewe. Wapinzani wakasema hizo ni sababu za mtu asiyetaka.

Wiki moja baadaye Yvette Cooper, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, akatangaza njia ya katikati: miji hadi mitano isaidiwe kufanya uchunguzi wake, na Louise Casey, mjumbe wa bunge lao la juu, afanye ukaguzi wa haraka wa nchi nzima. Casey alianza kazi akiwa haoni haja ya tume ya taifa. Alipomaliza alikuwa amebadili mawazo, na Juni 14 waziri mkuu Keir Starmer akakubali. Jambo moja kwenye ripoti yake nimelirudia mara kadhaa: katika takwimu alizozikuta, asili ya kikabila ya watuhumiwa haikuwa imeandikwa kwa theluthi mbili yao. Nchi nzima ilikuwa imegombana kuhusu asili ya wahalifu huku safu yenyewe kwenye fomu ikiwa tupu, na kila upande ukiijaza utakavyo.

Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu asiyekosa taarifa ya habari ya jioni, aliposikia hivyo alicheka. "Mangi, hawa si wamezunguka miezi sita wakarudi palepale?" Mimi sikukubaliana naye. Januari walikuwa wanagombea neno tu, "taifa". Juni walikuwa na sababu iliyoandikwa: Casey alikuwa amekuta taarifa hazikusanywi na miji mingi haijataka kujitazama, kwa hiyo kuiachia kila halmashauri iamue kama ijichunguze au la kusingefika mbali.

Hata hivyo yakaja mengine. Oktoba manusura kadhaa waliokuwa kwenye jopo la kuishauri tume walijiondoa wakidai hawasikilizwi, na watu wawili waliokuwa wakifikiriwa kwa uenyekiti wakajitoa. Mmoja alitoka kwenye ustawi wa jamii, mwingine kwenye polisi, yaani idara zilezile zinazolalamikiwa. Desemba ndipo akapatikana Anne Longfield, aliyewahi kuwa kamishna wa watoto wa England, akapewa miaka mitatu na pauni milioni 65.

Safu ya kwanza: papa hapa

Kwa papa hapa nina maana ya kamati inayoundwa na halmashauri, na bodi ya shule, au na dhehebu lenyewe. Nilikuja kikaoni nikiwa nimeshaifuta kichwani. Rotherham ndiyo iliyonivuruga.

Ripoti iliyofumua mambo ya Rotherham iliagizwa na halmashauri ya Rotherham yenyewe. Walimwita Alexis Jay, mtaalamu wa ustawi wa jamii, kutoka nje, wakamfungulia mafaili. Agosti 2014 akatoa hesabu aliyoiita makadirio ya chini: watoto 1,400 kati ya mwaka 1997 na 2013. Kiongozi wa halmashauri alijiuzulu siku ileile. Telford nako wakili Tom Crowther hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kumlazimisha shahidi, lakini Julai 2022 alitoka na ripoti ya watoto zaidi ya 1,000. Kisha akafanya jambo ambalo tume kubwa nyingi hazifanyi: baada ya miaka miwili alirudi kukagua kama mapendekezo yake yametekelezwa.

Kwa hiyo siwezi kusema uchunguzi wa eneo haufai. Unafaa pale mambo mawili yanapokutana: mchunguzi ni mgeni kabisa, na mwenye mafaili amekubali kuyafungua. Rotherham waliyafungua. Oldham, katika ile hoja yao ya kuomba serikali kuu, walikuwa wanasema kwa namna yao kwamba mkono wao wenyewe hautoshi.

Sasa niletee hilo Kilimanjaro. Huku ukitafuta mgeni kabisa utatembea sana. Mjumbe wa bodi alisoma seminari moja na mkuu wa shule, afisa elimu ni shemeji ya mhasibu, na mwakilishi wa wazazi anadaiwa ada ya muhula uliopita, hivyo atauliza kwa adabu. Nimewahi kukaa pembeni ya kamati ya namna hiyo. Ripoti yake ilikuwa na kurasa sita, nzuri tu, imepigwa mihuri miwili, na imo kabatini hadi leo. Kurasa za 43 hadi 46? Kamati ya ndani ingeandika "kitabu kilikaguliwa". Wala isingekuwa imedanganya.

Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za kata na vijiji, zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza mwaka 2017, nazipenda na ninashirikiana nazo. Zinamwokoa mtoto wa jirani. Kumhoji askofu au mkurugenzi si kazi yake, na mwenyekiti wa kitongoji hawezi kutumwa huko.

Safu ya pili: Kamati Teule

Hapa wazee wa kikao walichangamka, kwa sababu kila aliyekuwa mtu mzima mwaka 2008 anaikumbuka Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme. Bunge liliunda kamati Novemba 2007, Dk. Harrison Mwakyembe akawa mwenyekiti. Februari 6, 2008 ripoti ilisomwa bungeni Dodoma, na kesho yake waziri mkuu Edward Lowassa, mbunge wa Monduli hapo jirani Arusha, akajiuzulu. Miezi mitatu, basi. Tume za Uingereza na Australia ninazozitaja humu hazikwenda kwa kasi hiyo.

Nguvu ya kamati teule ipo kwenye kusomwa hadharani. Inapowekwa mezani, imetoka. Hakuna wa kuifungia ofisini. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge inaipa mamlaka ya kuita mashahidi na kudai nyaraka. Mkuu yule wa shule angeitwa Dodoma na kitabu chake mkononi, na safari hiyo asingeagiza soda.

Lakini Richmond hiyohiyo iliacha doa. Lowassa alilalamika palepale bungeni kwamba kamati haikumhoji. Iwe alistahili au hakustahili kujiuzulu, lalamiko lile halikufa. Alitembea nalo miaka mingi, na wafuasi wake wakalifanya ngao. Chukua uchunguzi wa ukatili kwa watoto uwe na kasoro hiyohiyo: mtuhumiwa mkubwa atasema hakusikilizwa, na mjadala utamhama mtoto na kuhamia kwa mkubwa. Tena Richmond ilikuwa mkataba wa umeme. Mashahidi walikuwa maofisa na karatasi. Kwetu shahidi ni msichana wa miaka kumi na tisa anayekumbuka alipokuwa na kumi na mmoja. Kumweka mbele ya wabunge wa vyama, kila mmoja akiwaza uchaguzi, mimi siwezi kumshauri mama yeyote akubali.

Kamati teule naiona inafaa kwa jambo moja lenye mwenyewe: waziri aliyekalia ripoti ya ukaguzi, idara iliyotoa leseni kwa kituo kilichokwisha kufungiwa. Swali fupi, jibu la haraka. Kwa tabia iliyosambaa kwenye taasisi nyingi kwa miaka thelathini, miezi mitatu ya wabunge haitoshi hata kusoma mafaili ya wilaya moja.

Safu ya tatu: Tume ya Rais

Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32, inampa Rais mamlaka ya kuteua makamishna na kuwapa hadidu za rejea. Tume ya namna hiyo inaweza kumwita mtu, kumwapisha na kudai vitabu, kwa nguvu inayofanana na ya Mahakama Kuu. Kwa kipimo changu cha kurasa nne, hapa ndipo penye jibu. Swali la pili linaulizwa baada ya kiapo, na la tatu linafuata.

Tatizo lipo mwishoni. Ripoti inakwenda kwa Rais, na sheria haimwekei tarehe ya kuitoa kwa wananchi. Ripoti ya Tume ya Jaji Warioba ya mwaka 1996 kuhusu rushwa ilitolewa, watu wakaisoma, na hadi leo inanukuliwa. Huo ulikuwa uamuzi wa Rais aliyeiunda, na Rais mwingine anaweza kuamua vingine.

Tatizo jingine linaonekana zaidi kwa waliotangulia, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kikaoni watu waliliruka wakikimbilia kupiga kura.

Ireland waliunda tume yao ya kuchunguza mateso ya watoto kwenye shule za viwanda (shule za bweni za watoto maskini na wasio na walezi) na vituo vilivyoendeshwa na mashirika ya kidini. Ilipewa nguvu za kisheria mwaka 2000. Mwenyekiti wa kwanza, Jaji Mary Laffoy, aliacha kazi mwaka 2003 akilalamika kwamba serikali haimpi ushirikiano. Wizara ya elimu, iliyokuwa mlezi wa tume, ndiyo iliyokuwa pia ikichunguzwa. Shirika la Christian Brothers nalo likaenda mahakamani kuzuia wahusika wasitajwe, na mwishowe tume ikakubali kutotaja majina ya waliotuhumiwa. Ripoti ikatoka Mei 2009, mijalada mitano, inatisha kusoma, na wahalifu wamepewa majina ya bandia. Nguvu za sheria walikuwa nazo tangu mwanzo. Hazikuzuia miaka tisa kupita.

Australia walikwenda vizuri zaidi. Julia Gillard alitangaza tume ya kifalme Novemba 2012, ikaanza Januari 2013, ikamaliza Desemba 2017 na mapendekezo 409. Kilichonivutia kwao ni chumba cha pembeni: watu zaidi ya 8,000 walikaa na kamishna faraghani, bila kiapo, bila wakili wa kuwabana, wakasema yao. Vikao vya wazi vilikuwa kwa ajili ya taasisi. Vya faragha kwa ajili ya manusura. Tume ikapeleka zaidi ya mashauri 2,500 kwa polisi na mamlaka nyingine. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mfuko wa fidia wenye kikomo cha dola 150,000 za Australia kwa mtu mmoja.

Waingereza wenyewe walikwisha kuwa na tume kubwa kabla ya hii ya 2025. Ilitangazwa Julai 2014. Mwenyekiti wa kwanza alijitoa ndani ya wiki moja kwa sababu marehemu kaka yake alikuwa mwanasheria mkuu katika miaka inayochunguzwa. Wa pili alijitoa Oktoba kwa sababu ya ukaribu wake na aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani enzi hizo. Wa tatu akaletwa kutoka New Zealand, naye akaacha mwaka 2016. Wa nne, Alexis Jay yuleyule wa Rotherham, ndiye aliyemaliza Oktoba 2022: miaka saba ya kazi, zaidi ya pauni milioni 180, mapendekezo 20. Na ilipofika Januari 2025, wanasiasa wakipigiana kelele za kutaka tume nyingine, Jay alikuwa akisema hadharani kwamba hakuna hata moja kati ya mapendekezo yake 20 lililotekelezwa kikamilifu, na kwamba kinachotakiwa sasa ni vitendo.

Hoja ya Jay ndiyo nzito kuliko zote dhidi ya tume, na mama mchungaji mmoja kikaoni aliisema kwa njia yake bila kumjua Jay: "Sasa mtu akishatuambia tunachokijua, ndiyo iweje?" Moja ya mapendekezo makuu ya Jay lilikuwa kwamba wanaofanya kazi na watoto wawajibike kisheria kutoa taarifa. Kwetu wajibu huo upo kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, na unamgusa kila mwanajamii. Tumewatangulia Waingereza miaka mingi. Mkuu wa shule yangu yule aliyekwisha kuandika "kiutawala" hakuwa anakosa sheria, na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini hakuifuata.

Takwimu nazo tunazo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa hiyo tume isije kutuambia kwamba jambo lipo. Ikija kwa hilo, fedha zake zipelekwe kwenye mafuta ya gari la ofisi ya ustawi wa jamii.

Jirani zetu wa Arusha

Kabla sijasema chaguo langu, kuna jambo la hapa kwetu ambalo watu wanalisahau. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha, kwenye jengo la mikutano la AICC, hadi ilipofungwa mwaka 2015. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, ilianza bila shitaka la ubakaji. Shahidi mmoja mwanamke, katikati ya ushahidi wa mambo mengine, akataja kilichompata binti yake. Majaji hawakumkatiza; Navanethem Pillay, mwanamke pekee kwenye jopo lile, alikuwa miongoni mwao. Shahidi mwingine akafuata. Mwaka 1997 hati ya mashitaka ikabadilishwa, na Septemba 2, 1998 hukumu ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Mashahidi walitajwa kwa herufi na kukaa nyuma ya pazia.

Kutoka Moshi hadi Arusha ni mwendo wa daladala na nauli ya kawaida. Wakalimani, makarani, watu waliofunga mapazia yale, wengine bado wanaishi Njiro na Sakina. Tukisema hatujui namna ya kumsikiliza mwanamke aliyeharibiwa bila kumwanika, tunasema uongo kidogo. Na kuna funzo la hadidu za rejea: zikiwa finyu mno, kama ile hati ya kwanza ya Akayesu, lazima pawe na mlango wa kuzipanua shahidi anaposema lisilotarajiwa.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitajwa pia. Ipo kikatiba, inapokea malalamiko, inachunguza, na kwa lalamiko moja moja ningemshauri mtu aanzie huko, ni bure. Mapendekezo yake hayamfungi mtu, na jambo la ukubwa huu lingeizidi watu na magari. Ukaguzi wa haraka wa mtindo wa Casey niliutetea mimi peke yangu. Miezi michache, mtu mmoja mwenye jina, apite kwenye takwimu za polisi, ustawi na elimu aone safu zipi ziko tupu. Ungekuja kabla ya tume, wala haungechukua nafasi yake. Nilishindwa kwa kura. Walisema ni njia ya kuchelewesha, na kwa Waingereza kweli ilionekana hivyo.

Basi, ipi

Kama taasisi ni moja na jambo ni la mwaka huu, achana na safu zote tatu. Polisi na ustawi, siku hiyohiyo. Kama unamtaka kiongozi mmoja ajibu kwa nini alikalia faili, dai kamati teule, na dai ahojiwe kabla ripoti haijasomwa. Kama bodi yako imekubali kweli kufungua makabati, uchunguzi wa papa hapa unaweza kukufaa kuliko vyote, ili mradi mchunguzi atoke mbali, mbali ya kweli, Songea au Kigoma, na ripoti ibandikwe ubaoni.

Kwa waraka wetu mimi nilipigia Tume ya Rais, na wengi walifanya hivyo. Ila tumeifunga kwa masharti ambayo bila hayo ningepigia safu ya pili. Ihusu mabweni na vituo vya kulelea watoto tu, isitafune kila kitu. Miezi kumi na minane. Mwenyekiti asiwe amesoma, kufundisha, kusali wala kuajiriwa kwenye taasisi za mkoa anaouchunguza. Waingereza wamepoteza wenyeviti kwa jambo hili hadi aibu. Wizara inayochunguzwa isishike mfuko wa tume. Chumba cha pembeni kama cha Australia, kila wilaya. Siku ya kwanza itoke amri kwamba kuharibu kitabu chochote cha kumbukumbu ni kosa, na hapo niliomba neno "kuchana" liandikwe waziwazi. Tarehe ya kuchapishwa ripoti iwe kwenye tangazo lilelile la kuiunda tume. Na baada ya miaka miwili arudi mtu, kama Crowther alivyorudi Telford, aulize pendekezo moja baada ya jingine.

Tumekwama kwenye majina. Mwalimu mstaafu anataka ripoti itaje kila aliyeficha, akiwa hai au amekufa. Mimi naiogopa Ireland: miaka mahakamani, kisha majina ya bandia. Tena jina likitangulia kesi, wakili wa utetezi atalitumia. Mwalimu anasema bila majina mlezi wa bweni atahamishwa tena. Nilinyamaza, maana nilimkumbuka yule aliyehamishwa akapewa bweni jingine. Rasimu anayo yeye kwa sasa. Ameomba aiandike upya ibara ya tisa, ataileta kikao cha Jumamosi ijayo, na katibu ameambiwa safari hii aje na bango kitita lenye karatasi za kutosha.